Kidole cha Mumbere

Mimi ni mtu wa kinyaa, bora niseme mapema. Siku ile ya majaribio ya orodha ya wapiga kura, hapa Butembo, nilikuwa nimeshaangalia vidole vya watu thelathini na tisa vikigusa kioo changu: vya mawese, vya udongo wa viazi, kimoja cha ugoro. Kila kilipoondoka nilipangusa kioo kwa alkoholi, na watu kwenye foleni walinicheka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mtu anaweka kidole kwenye tablette, kompyuta ndogo ya kioo, sura yake inatokea, mimi nabonyeza "Yuko". Kulikuwa na neno la pili, "Amekufa". Hilo aliruhusiwa kulithibitisha ndugu wa damu peke yake, kwa kidole chake mwenyewe, ili majina ya marehemu yatolewe kabla ya uchaguzi wa mitaa.

Kwetu kulikuwa na jina moja ambalo hatukulitoa. Mdogo wangu Mumbere alienda kwenye shamba letu la kakao upande wa Beni, sasa miaka mitatu, na watu wa porini wenye silaha wakamchukua. Wenzake wawili walirudi. Yeye hakurudi, na maiti hatukuletewa. Mama alinikataza hata kuvaa nguo nyeusi. Kwetu hulii matanga ya mtu ambaye hukumzika. Jumapili kanisani bado alimwombea pamoja na wasafiri, na mimi bado nilishtuka kila mtu alipobisha mlango.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumebakiza mtu mmoja kufikisha arobaini waliotakiwa. Mwalimu Onésime, mkuu wa kituo, alitazama darasa tupu tulimofanyia kazi.

"Bénite, tunakosa mutu moya tu. Ungoje hapa, mi naenda kamata hata mutu wa pikipiki ku barabara."

Akatoka. Nikabaki na madawati, na giza likiingia kidogo kidogo kupitia madirisha yasiyo na vioo.

Ndipo harufu ikaja…

Nyama. Nyama iliyosahauliwa siku nyingi ndani ya mfuko wa plastiki. Na juu yake, poda ya mtoto mchanga, nyingi, ili kuificha.

Nilipoinua macho, mama mmoja alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele. Sikusikia mlango. Kitenge kipya, kilemba safi, mkono wa kuume umefungwa ndani ya kitambaa chenye madoa.

"Mi njo mutu wa makumi ine," alinong'ona.

Sikutaka hata kumsalimia. "Weka kidole, mama."

Akachomoa kidole kutoka kwenye kitambaa. Cheusi. Kimevimba, kucha imekaa upande. Kilipogusa kioo kikatoa sauti ya unyevu, na maji ya manjano yakatambaa hadi kwenye kona. Sura ikatokea: mzee Edmond, fundi cherehani wa mtaa wetu. Nilikuwa nimekula wali kwenye matanga yake.

"Amekubaliwa," tablette ikaandika.

Akakirudisha kwenye kitambaa, akatoa kingine. Msichana ninayemkumbuka shuleni, marehemu pia. Amekubaliwa. Nikapangusa kioo kwa alkoholi.

"Hii hapana vidole yako," nilisema.

"Aa. Ya batu bengine." Alitabasamu. "Banapigaka kura muzuri. Habaombake chumvi, habaombake T-shirt. Njo maana bakubwa banabapenda."

Niliwachukia pale pale, yeye na hao wakubwa waliomtuma. Kununua walio hai nilishazoea kuona. Lakini kwenda kuchimba, kukata, kubeba ndani ya kitambaa, kisha kupaka poda!

Mkono ukaingia tena, ukatoa cha tatu.

Hiki hakikuwa cheusi.

Kilikuwa na kovu la panga chini ya kucha, la siku tuliyokata miwa tukiwa watoto. Kilipokaa kwenye kioo, ukungu mdogo mweupe ulikizunguka, kama wa pumzi. Niliuona huo ukungu. Mungu anajua niliuona, na sikufikiri.

Kwenye tablette, Mumbere wangu alinitazama.

"Mulimuua," nilisema.

"Mi naletewaka tu. Mi hapana ua mutu." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haraka. "Madame, finya Yuko. Ile ingine usifinye. Ukiiandika… njo inakuwa kweli."

Nilidhani analinda kura yake. Nilimwona mdogo wangu kwenye foleni ya waliooza, akimchagulia mwizi kiti. Nilikuwa na tumaini la miaka mitatu na kinyaa cha dakika moja, na kinyaa kikashinda.

Nikabonyeza "Amekufa". Nikaweka kidole changu.

"Ee… mwana ya batu, maskini," mama yule alisema, kwa huzuni kabisa. Akakiacha pale mezani, akainuka, akatoka.

Hakuna hatua iliyosikika.

Nilikichukua kwa pamba. Kilikuwa na joto. Nikafunga ngumi, na ndani ya ngumi kikapoa, upesi, hadi kikawa baridi kuliko meza. Onésime alirudi na mtu wa pikipiki. Alisema kwenye ua hakukutana na mtu yeyote, kisha harufu ikamfikia, akakimbia nje kutapika.

Nyumbani mama yangu alikiosha ndani ya beseni, polepole, kama anavyooshwa mtoto. Akakisogeza karibu na taa.

"Kucha yake, bameikata juzi. Na damu ni mupya." Akaniangalia. "Mwana wangu, wakati uliikamata, ilikuwa na moto?"

"Hapana, mama. Baridi."

Tulikizika. Watu walikuja, wakala, wakatufariji, na mama hatimaye akalia.

Wiki tatu baadaye alifika mwanaume mmoja wa Kasugho, Sikuli, amekonda, miguu imejaa vidonda. Alikuwa ametoroka porini pamoja na Mumbere, na wiki hizo zote alikuwa amelazwa hospitalini. Kidole walimkata kule kambini, alisema, nani aliwaagiza hajui, na usiku uleule wakatoroka. Walitembea siku mbili. Mumbere hakuwa na homa, hata mkono ulikuwa umeacha kutoka damu. Alikuwa anaimba kwa sauti ndogo, kwa sababu walikuwa wameshaona mabati ya Butembo yakimetameta chini.

"Jua ilikuwa inaingia," Sikuli alisema. "Akaniambia: kaka, ngoja, mutu ananiita. Akaikala chini, pembeni ya njia. Nilirudi kumuinua… ilikuwa bule. Amekwisha."

Mama alimkamata mkono. "Siku gani?"

Nikainuka, nikatoka nje kabla hajajibu.