Présent ya Valéry

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida, jua la saa saba na nusu, vumbi hadi kwenye meno, na wanafunzi wa zamu ya mchana wakipanda taratibu kuelekea shuleni, mashati ya kaki nje ya suruali mpaka watakapofika getini. Hakuna aliyejua kwamba jioni ingenyesha.

Elysée ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mimi shule niliikimbia mapema na sijawahi kuirudia, na bado nyinyi wenye diploma ndio mnaokaa kunisikiliza. Basi sikilizeni.

Alisoma lycée moja, sekondari ya serikali, huko juu ya Kamenge, pale mabasi madogo yanapogeuzia. Jina siwapi. Wazazi ndio walioijenga, Jumamosi baada ya Jumamosi, matofali kichwani. Miaka ya vita ililaza wakimbizi. Matundu ya risasi yakazibwa kwa simenti, yakapakwa chokaa, masomo yakaendelea. Wanafunzi tisini darasa moja, wanne kwenye benchi la watu wawili. Na ukuta wa ubavuni wa darasa la Elysée, ulioelekea njia ya nyuma ya shule, ulikuwa na ufa mpana hivi kwamba siku za mtihani watoto walificha humo vikaratasi vya majibu. Kila darasa lililohama liliwaachia wadogo zao ufa huo kama urithi. Wakubwa wa shule waliuona. Wakautundikia ramani ya Afrika. Tatizo likaisha.

Kulikuwa na urithi mwingine. Mwalimu akiita majina, unaitika "présent". Ukiwa umechelewa, rafiki yako anakuitikia. Valéry alichelewa karibu kila siku, kwa sababu mchana alimsaidia mama yake, Concilie, kupanga ndagala sokoni. Elysée aliketi naye benchi la tatu, Valéry kushoto kwake, upande wa ukuta huo. Tena Elysée alikuwa delege wa darasa: ndiye aliyeshika registre, lile daftari kubwa la majina, akiandika P kwa aliyepo na A kwa asiyekuwepo. Valéry alikuwa na sauti nyembamba, kama filimbi ya mtoto. Elysée aliiigiza mpaka darasa zima likajikaza lisicheke.

"Valéry?"

"Présent."

P. Mwaka mzima hivyo.

Alhamisi ile Valéry aliwahi. Aliingia ananuka ndagala, akamsukuma Elysée kwa kiwiko.

"Leo nitajiitikia mwenyewe, sha. We pumzisha koo."

Akaitika mwenyewe. P. Saa kumi mvua ikashuka, ile ya Machi isiyobisha hodi. Wakati wa mapumziko wote wakakimbilia barazani kuitazama. Valéry alibaki amelala juu ya benchi, kichwa karibu na ramani. Ukuta ukaangukia nje, kwenye njia ya miguu, ukaondoka naye.

Préfet wa masomo, Dieudonné, mtu wa tai nyekundu na tumbo la mbele, alimwita Elysée ofisini kabla hata maiti haijafunikwa. Alinong'ona.

"Mutoto huyu hakukuwa ndani. Alikuwa anachelewa, kama siku zote, anapita kwa njia ya nyuma. Andika A."

"Préfet, alikuwa ndani. Aliitika."

"Nani aliitika? Darasa lote linajua ni nani anaitikaka kwa Valéry." Akasukuma kalamu mezani. "We unataka kufanya mtihani wa serikali, ao unataka kwenda kuuza ndagala na mama yake?"

Elysée akafuta P. Akaandika A.

Mnaona ujanja huo? Siku zote ambazo Valéry hakuwepo, Elysée alisema yupo. Siku moja ambayo alikuwepo kweli, Elysée akaandika hayupo. Na hakuna mwanafunzi aliyeweza kuapa, maana masikio yao yalishazoea uongo. Akazikwa kama mtoro. Shule haikupeleka shada. Sokoni wanawake wakamwambia Concilie angemfunga mwanawe kamba mguuni, angekuwa hai. Mwanamke yule akaendelea kupanga samaki wake. Mimi nikisimulia hapa nasaga meno.

Septemba darasa likahamia chumba kingine, mwaka wa mwisho, benchi zile zile. Mwalimu mpya, Libère, kijana kutoka Nyakabiga, akapewa orodha ya mwaka uliopita. Katika shule za kwetu maiti hufutwa polepole. Mvua ya kwanza ilipoanza kugonga mabati, Libère akafungua daftari.

"Valéry?"

Vichwa vikainama.

"Présent."

Sauti nyembamba. Benchi la tatu. Darasa zima likageuka kumtazama Elysée.

"We ni mushenzi," binti aitwaye Kelly alimwambia polepole. "Unachezea mufu?"

"Si mimi."

"Mudomo wako umefunguka. Nimeona."

Kweli ulifunguka. Elysée aliuhisi. Lakini yeye hakuufungua.

Libère akaendelea na orodha. Akafika kwenye jina la Elysée. Elysée akaitika. Libère akarudia jina. Elysée akaitika tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo ikasimama. Libère akatazama moja kwa moja kwenye benchi la tatu, akasema, "Hayupo," akaandika A kwa mkono wake.

Kila siku ya mvua ikawa hivyo. Siku ya jua, Elysée alisikika kama watu wengine. Ikinyesha, sauti yake ilikufa kooni. Kikabaki kile kifilimbi tu, mara moja, kwa jina moja. Na pembeni yake, upande ambao hakuna aliyekubali kuketi, ubao wa benchi ulikuwa umelowa.

Alama za A zilifika kumi na moja. Dieudonné akamwita.

"Ukifika kumi na tano, mtihani hufanyi. Sheria ni sheria."

Nje kulikuwa kunanyesha. Elysée alifungua mdomo kumjibu. Hakuna kilichotoka. Dieudonné alitabasamu, akadhani ni heshima.

Hapo ndipo hasira ilipompanda mtoto wa mama yangu mdogo. Alichukua registre ya mwaka jana kutoka kabatini, mbele ya macho ya yule mtu, akaitia chini ya shati, akatoka kwenye mvua. Aliteremka hadi sokoni. Concilie alikuwa chini ya mwavuli uliotoboka, amefunika ndagala kwa karatasi ya nailoni.

"Karibu, mwana wanje, mwanangu. Umelowa."

Elysée akafungua ukurasa. Akaweka kidole kwenye A. Concilie hakujua kusoma. Akamtazama tu. Ilibidi Elysée aseme.

Akafungua mdomo.

"Mama, nilikuwa ndani."

Sauti nyembamba. Ya Valéry.

Mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo jirani aliinuka, akaacha mihogo yake, akaenda.

Concilie hakutikisika. Mikono yake ilibaki juu ya samaki.

"Sema tena."

"Nilikuwa ndani, mama. Niliwahi. Nilijiitikia mwenyewe."

"Nani aliandika hukuwepo?"

Mkono wa Elysée ukainuka wenyewe, ukapiga kifua chake Elysée. Kisha ukaonyesha juu, kilimani, kwenye bati la shule.

Concilie alifunga daftari, akalifunga kwa kitenge mgongoni kama mtoto mchanga. Akapanda kilima. Alisimama katikati ya uwanja kwenye mvua, akaita wanawake wa soko wamfuate, na walimfuata. Alimtaja Dieudonné kwa jina mbele ya madarasa yote. Elysée alisimama kando yake, akasema yote, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mvua ikinyesha.

Mnangoja nikuambieni préfet alifungwa? Alihamishwa. Ofisi nzuri zaidi, mjini. Elysée ndiye aliyefukuzwa, kwa wizi wa registre. Lakini wanawake wa soko walirudi kaburini na shada, na hakuna tena anayemwita Concilie mama wa mtoro.

Sasa Elysée anabeba magunia kwenye ghala moja kule Zone Industrielle, penye viwanda. Sauti yake ni nzima, anatukana vizuri kuliko mimi. Neno moja tu limekataa kurudi. Kila asubuhi kapita, msimamizi wao, anaita majina ya wabebaji, na Elysée, jina lake likifika, anafunga mdomo kabisa. Nilienda kuhakikisha, maana mi siamini hadithi za watu. Nilisimama mbele yake, uso kwa uso. Ilikuwa Julai, haijanyesha tangu Mei.

"Elysée?" kapita aliita.

Midomo yake haikusogea.

"Présent," ikasema sauti nyembamba kushoto kwake.

Kapita aliandika, akaendelea na jina lingine. Nilitazama chini. Kwenye simenti kavu, kushoto kwa Elysée, palikuwa na nyayo mbili za maji, na tope jekundu la Kamenge.