Uzito wa Michezo Mitatu

Inatangazwa kwa wanafunzi wote kwamba jedwali la ligi ya mpira wa kikapu, ambalo hadi sasa limekuwa likibandikwa upande wa kushoto wa ubao wa matangazo, kuanzia Jumatatu litabandikwa upande wa kulia. Tangazo hilo lilisomwa mstarini asubuhi kwa sauti ileile inayotangazia mitihani, na hakuna aliyeuliza sababu.

Mwenye jedwali alikuwa msichana wa darasa la saba ambaye wenzake walimwita Desimali, kwa kuwa hakuwahi kusema "karibu saba" pale alipoweza kusema sita nukta tisa. Kila wiki, wakati wa mapumziko, aliingia chumba cha kompyuta kujaza matokeo ya ligi. Hakuzipanga timu kwa idadi ya ushindi peke yake. Kanuni aliyofundishwa na mwalimu wa hisabati iliuliza zaidi: umemfunga nani, kwa tofauti ya pointi ngapi, nyumbani au ugenini? Kumfunga mnyonge uwanjani kwako kulileta alama chache. Kumfunga mwenye nguvu uwanjani kwake kulileta nyingi. Kisha kila mchezo ulipewa uzito wake, ule wa karibuni ukiuzidi kidogo ule wa zamani.

Wiki hiyo Desimali hakutulia. Kamati ya michezo ya shule ilikuwa imeahidi kwamba timu bora, yaani itakayokuwa kileleni Ijumaa, ndiyo wanafunzi watakayopelekwa kuitazama. Mjomba wake aliichezea Nyundo, na goti lake lilikwisha kumwarifu kwamba msimu huu ndio wa mwisho. Darasani hakuna aliyewahi kumwona akicheza. Nyundo ilikuwa ya nne, na timu ya Radi ndiyo iliyokuwa kileleni.

Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Nyundo ilikuwa imeshinda michezo yake mitatu ya mwisho, yote ugenini na kwa tofauti kubwa ya pointi. Akauongeza kidogo uzito wa michezo ya karibuni. Nyundo ikawa ya tatu. Mwonja asali haonji mara moja, na Desimali alionja mpaka michezo hiyo mitatu ikawa mizito kuliko msimu mzima uliotangulia. Nyundo ikakaa kileleni. Hakuwa amebadilisha tokeo hata moja. Kila namba iliyokuwamo ilikuwa ya kweli. Alijirudia maneno hayo njiani kwenda nyumbani, na kadiri alivyoyarudia ndivyo alivyozidi kutembea haraka.

Kesho yake alilibandika. Wa kwanza kusimama mbele ya ubao alikuwa Wakili, mvulana aliyepata jina hilo kwa kubisha hata anapoambiwa saa.

"Radi wamewafunga wote, na leo wako chini ya Nyundo," alisema. "Kwani mjomba wako amerefuka wiki hii?"

"Ni hesabu tu."

"Hesabu ya shule au hesabu ya ukoo?"

Wenzao wakaangua kicheko. Desimali akajibu kwamba asiyejua kukokotoa asiwasumbue wanaojua, na jibu hilo likamchoma yeye zaidi kuliko Wakili.

Jioni mjomba alikuja kula kwao, akaketi na barafu gotini. Desimali alimpa habari kama mtu akabidhiye zawadi. Mjomba akakiweka chini kikombe chake.

"Sisi, wa kwanza? Mpwa wangu, wale tuliowafunga juzi ndio wanaoshika mkia. Radi walitufunga mpaka nikasahau mlango wa kutokea." Akamwuliza amepimaje. Desimali alianza kueleza kwa haraka, kisha polepole, mpaka akafika kwenye uzito wa michezo mitatu. Mjomba hakumkemea. "Usiniweke mahali nisipoweza kusimama," alisema. "Watoto wote hao waje watuone tukipigwa, halafu wakirudi watasema nini juu yangu? Na juu yako?"

Asubuhi, kabla ya mstari, Desimali alimwendea mwalimu wa hisabati akamweleza yote. Aliurudisha uzito wa awali, Nyundo ikashuka hadi nafasi yake ya nne, naye akabandika jedwali jipya mwenyewe na kuwaambia wenzake alichokuwa amefanya. Akamwomba radhi Wakili, ambaye kwa mara ya kwanza alikosa la kubishia, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo lilimtesa.

Mwalimu hakumsifu. "Namba hazikudanganya," alisema. "Aliyedanganya ni aliyezichagulia uzito. Uzito huamuliwa kabla ya kupima. Ukiuchagua baada ya kuona jibu unalolitaka, hujapima kitu. Umeweka kidole juu ya mizani."

"Kwa hiyo ule wa zamani ndio uzito sahihi, mwalimu?"

"Pengine si sahihi," alikiri. "Lakini haumjui mjomba wa mtu yeyote."

Ijumaa kamati ya michezo ilikutana. Ilipokea maelezo ya Desimali, ikapokea pingamizi la Wakili, ambaye alikuwa amepata nafuu, kisha ikaamua kwa kauli moja kwamba safari iahirishwe hadi itakapopatikana tafsiri rasmi ya neno "bora". Na kwamba tafsiri hiyo itaandaliwa na kamati hiyohiyo, kwa utulivu, mara tu msimu utakapomalizika.