Nanga Isiyopinda

Tangu siku alipozama ziwani akaibuka mzima, fundi wa kuchomelea vyuma hakuwa akikauka. Ukimpa taulo, linalowa. Akiinuka kwenye kochi, anaacha unyevu unaonuka magogo yaliyooza. Mama yake alipiga deki kutwa bila kuuliza neno. Mdogo wake, mvuvi, ndiye aliyemtania kwamba karibu ataota magamba, na mama na kaka hawakucheka.

Ziwa lile lilimeza msitu mzima, na miti bado imesimama chini, na jini la ziwa linaishi humo. Ndiyo maana kila mvuvi wa pale hutaka nanga ya nondo laini: ikinasa kwenye kisiki, unavuta kwa nguvu, kucha zake zinanyooka, inaachia. Nyumbani unazikunja tena kwa nyundo. Nanga ngumu ni ya mjinga, au ya mtu aliyechoka kuishi.

Basi kaka mtu akamtengenezea mdogo wake nanga mpya, akaipaka rangi nyeusi ikapendeza. Mvuvi alitaka kuijaribu kwa nyundo. Kaka akamwambia aache, rangi bado mbichi, na tangu lini anamtilia shaka ndugu yake? Jamani, kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupekua nguo aliyovishwa na kaka yake?

Kesho yake, jua likiwaka, akashusha nanga katikati ya ziwa. Ikanasa. Akavuta, haikunyooka. Akavuta tena, na safari hii kamba ikamvuta yeye, polepole, kama mtu anayeteka maji kisimani, na uvundo wa magogo ukapanda ukamjaa kooni, na pua ya boti ikainama maji yakaanza kuingia, na kule chini kati ya miti mikono mirefu, myeupe, ikawa inapokezana kamba, na sauti ikapanda kupitia kamba hiyohiyo hadi kwenye viganja vyake.

"Kaka yako nilimwachia roho yake. Akaniahidi yako."

Ndipo akaelewa. Chini ya rangi ile kulikuwa na chuma cha springi ya lori, kisichopinda hata ukikifia. Akakata kamba kwa kisu, akapiga kasia hadi ufukoni huku akilia, na kilichomliza si woga.

Uani kwao alikuta viti vya msiba vimeshapangwa. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, mkavu kwa mara ya kwanza. Alipomwona mdogo wake, maji yakaanza kumchuruzika vidoleni.

Mvuvi akamkimbilia mama yake, kasia likamponyoka.

"Mama," alinong'ona, "kaka ameniuza."

"Najua, mwanangu." Hakumtazama usoni. "Mwenzio ana watoto. Rudi, baba, kabla jini halijamfuata hapa."

Akainama akaliokota kasia, akalifuta matope kwa upindo wa nguo yake, akampa.