Jina la Yaya Matthias Kwenye Nyumba Yetu

— Mununuzi ni nani hapa? niliuliza, nikishika karatasi ya mauzo ya nyumba.

Chef de quartier, mkuu wa mtaa, alikuwa anatafuta mhuri kwenye droo, hakuinua kichwa. Élisée, mchumba wangu, akageukia dirisha.

— Laetitia, saini kwanza pale pa bashahidi. Tutasemea ku nyumba.

— Minyi ninafundishaka batoto kusoma, kwa hiyo ninajua kusoma. Hapa baliandika Kazadi Matthias. Weye uko Kazadi Élisée. Minyi niko Nday Laetitia. Matthias anatafuta nini mu nyumba yetu?

Matthias mwenyewe alikuwa ameketi palepale, kaka mkubwa wa Élisée, yaya wake kama tunavyosema kwetu, ndani ya koti lake la kanisani. Akanitabasamia vile watu wanavyomtabasamia mtoto mwenye homa.

— Bibi yetu, ile iko mambo ya famille. Mukubwa njo anabebaka jina.

Niwaeleze, ili mnielewe hasira yangu. Miaka mitatu mimi na Élisée tuliandika bajeti ya nyumba nyuma ya daftari la shule. Mshahara wa mwalimu wa Kamina mnaujua. Niliongezea mahindi, niliyoyafuata mwenyewe Kabondo-Dianda, nikirudi juu ya magunia kwenye ile barabara ya matope. Élisée, karani wa gare ya treni, aliacha bia, akaacha hata kununua viatu. Tuliangalia nyumba nne. Ya kwanza bati lilikuwa limeoza. Ya pili ilikuwa na warithi watano, watatu hawataki kuuza. Ya tatu jirani alikuwa amesogeza mpaka. Ya nne ilikuwa ya Mama Lise, mjane, matofali ya kuchoma na kisima uani, na watoto wake wote wawili walikuwa wamekubali kuweka saini. Nilisimama kwenye ule uwanja nikachagua pa kuweka jiko. Harusi yetu ya kanisani ilikuwa imebaki wiki tatu.

Na sasa nasoma jina la Matthias. Pesa zote zilikuwa kwenye mfuko wangu. Nikaufunga mfuko, nikamgeukia Mama Lise aliyekuwa akingoja kwenye benchi.

— Mama Lise, unisamehe. Leo hatusaini.

Élisée akanifuata nje.

— Unanipatisha haya mbele ya yaya wangu.

— Weye ulijua tangu lini?

— Tangu mwezi ulipita. Sikia, Laetitia. Wakati baba alikufa, yaya aliacha masomo yake juu minyi nisome. Aliuzishaka makala ya kupikia ku gare. Bila yeye, siko karani. Anasema mudogo hawezi kuwa na parcelle na nyumba mbele ya mukubwa. Iko paka jina tu. Iko heshima.

— Heshima utamupa filigisi ya kuku. Utamupa kiti ya mbele ku mariage. Nyumba, hapana.

— Yaya hawezi kutufukuza.

— Na siku weye utakufa?

Nilimpenda, na nilitamani kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Nikaondoka.

Jioni akaniandikia: «Usikasirike. Yaya anasema atatuandikia barua kama nyumba iko yetu.»

Nikamjibu: «Basi oa yaya. Kanisa tulishalipa.»

Asubuhi nilienda kwa Mama Lise kumwambia atafute mnunuzi mwingine. Nikamkuta ameketi mlangoni, amechanganyikiwa. Ndani, mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama juu ya kiti, anapima dirisha kwa kamba.

— Mama, weye ni nani?

— Niko locataire, nitapanga hapa. Ninapima rideaux. Patron alisema tutaingia tarehe moja.

— Patron gani?

— Patron Matthias. Tulishamulipa garantie ya miezi sita.

Akanionyesha risiti. Ilikuwa ya wiki mbili nyuma, imesainiwa na Kazadi Matthias, mwenye nyumba. Nikampigia Élisée.

— Laetitia, kama iko juu ya jana...

— Nyamaza, sikiliza tu. Mama, rudia: nani alikupangishia hii nyumba?

Yule mama akarudia yote karibu na simu, pamoja na rangi ya mapazia. Élisée akasema neno moja tu: nakuja.

Alifika kwa pikipiki, na sare yake ya kazi. Akaisoma risiti mara mbili. Kisha akampigia kaka yake, na sauti akaiacha wazi tusikie sote.

— Yaya, ulipangisha nyumba yetu?

— Mudogo, nyinyi mutakaa kwanza kwangu, mu kile chumba cha nyuma. Ile nyumba itaingiza franga, tutagawanya. Minyi nilikusomesha, ulisahau?

— Sikusahau. Nitakulisha hata ukizeeka. Lakini franga ya huyu mama, unamurudishia leo.

— Ule mwanamuke alikugeuza kichwa.

— Ule mwanamuke alilala juu ya magunia ya mahindi juu ya hii nyumba. Weye ulileta nini?

Matthias akakata simu. Mngedhani nilifurahi. Hata kidogo.

— Na weye, nilimwambia, kama huyu mama hangekuja kupima dirisha, ungemuambia yaya ile maneno lini?

— Sijui.

Angalau hakudanganya.

Siku tatu baadaye tulirudi kwa chef de quartier. Matthias alikuwa amerudisha garantie, baada ya yule mama kumwambia anaenda polisi. Élisée akaweka karatasi mpya mezani. Mnunuzi: Nday Laetitia. Basi.

— Hii ni nini?

— Jina yako. Minyi nilikosa, njo ninalipa.

Hasira ikanipanda upya.

— Nani alikuambia nataka nyumba ya peke yangu? Juzi ulitufuta sisi bawili juu ya yaya. Leo unajifuta juu unaona haya. Lini utaniulizaka minyi nataka nini?

Akanitazama.

— Unataka nini?

Katika miaka mitatu ya bajeti, lilikuwa swali lake la kwanza la namna hiyo.

— Bantu bawili. Baandike bantu bawili, weye na minyi.

Chef de quartier akalalamika kwamba alikwisha kupiga mhuri, na kwamba fomu hazitolewi bure.

— Chef, tutalipa ingine, nikasema.

Akaandika upya. Mama Lise akacheka, akasaini kabla yetu sote, wanawe wakafuata.

— Wafwako, bana bangu, akatushukuru kwa Kiluba. Sasa nitaenda Kabongo na roho nyeupe.

Nikahesabu pesa mbele ya mashahidi, Mama Lise akanipa ufunguo, nikasaini. Niliikandamiza kalamu kwa hasira hadi jina langu likawa kama la mtoto wa darasa la kwanza, mimi mwalimu. Chini yake Élisée akaandika la kwake.

Tulipotoka nje, akaniuliza taratibu:

— Bado umekasirika?

— Sana. Nitakasirika mu ile nyumba mpaka nichoke.

— Nitakuwa pale, akasema.

Nikampa mkono, tukaenda kuifungua nyumba.