Jiwe la Kujibu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kuchomelea mageti, na hadi leo ukimtajia mlima anakutukana kwanza.

Yeye na shemeji yake walikuwa katika siku ya tatu ya kupanda mlima. Shemeji alimtwisha hema, jiko na sufuria zote, akatangulia kuelekea kileleni mikono mitupu. "Wewe fundi una mabega," alisema, "usilie kama mtoto." Fundi akafura kwa hasira.

Walikuwa na kanuni yao ya kutopoteana: ukungu ukishuka, wa mbele anagonga jiwe kwenye mwamba mara mbili, wa nyuma anajibu mara moja. Basi ukungu ukashuka, mzito, fundi asione hata vidole vyake. Kutoka juu akasikia: ko, ko.

Akanyamaza. Ko, ko.

"Gonga mpaka mkono uchoke, mpuuzi mkubwa wewe!" alisema moyoni, akaendelea kuparamia mawe kwa mikono na magoti. Hakujibu hata mara moja.

Kileleni alimkuta shemeji ameketi, anatabasamu.

"Nilijua umenuna, shemeji, lakini afadhali ulikuwa unajibu."

"Nijibu kwa mkono upi? Yote miwili ilikuwa kwenye mawe, nakubebea masufuria yako!"

"Acha utani. Kila nikigonga ulijibu. Na kila mara ulikuwa karibu zaidi."

Fundi akafungua kinywa amtukane vizuri. Kabla hajatamka neno, chini kidogo ya miguu yao, ndani ya ukungu, jiwe liligonga mwamba.

Ko, ko. Mara mbili, kama anavyogonga wa mbele anapongoja kujibiwa.