Sauti Baada ya Setilaiti Kutua

Jua lilikuwa linazama fundi wa redio alipopanda paani na redio ndogo kiunoni na antena mbili, moja begani, nyingine mkononi. Kwa wiki sita sasa alikuwa na hasira. Jioni tatu mfululizo, setilaiti inayorusha mazungumzo ya wapenzi wa redio ilipopita juu ya mji na kutua, alimsikia mumewe redioni. Mume waliyemzika wiki sita nyuma, baada ya kuanguka kutoka paa hilihili.

"Tumia hii ya mlingoti," alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyemfuata ngaziani. "Unaisimika, unakaa zako. Ya nini kuhangaika?"

"Ya mlingoti inasikia pande zote. Haitaniambia sauti inatoka wapi."

"Hiyo ya mkono ina nuksi, shemeji. Ndiyo aliyoshika kaka siku ile alipoanguka."

"Ndiyo maana naitaka!"

Ilikuwa ufito wa mbao wenye vijiti vya aluminiamu, kazi ya mumewe mwenyewe. Husikia kule inakoelekezwa tu. Ukiikosa setilaiti kidogo, unabaki na mikwaruzo.

Setilaiti ikachomoza. Akaifuata polepole, mkono ukipanda nayo, ukishuka nayo. Sauti za wageni zikapita, zikisalimiana harakaharaka kama watu wanaopishana mlangoni. Dakika ya kumi, ikatua nyuma ya majengo. Sauti zote zikakatika.

Krrr... krrr...

"Mke wangu..."

Harufu ya udongo mbichi ikampanda puani. Angani hakukuwa na kitu tena. Akaelekeza antena kaskazini, sauti ikafifia. Akaielekeza kusini, ikafifia zaidi.

"Inatosha," shemeji akasema, akirudi nyuma. "Tushuke."

Fundi akageuka kumjibu, na antena ikageuka naye.

Sauti ikaijaza redio.

Akasogeza ncha kushoto. Kimya. Akairudisha.

"...giza huku... amenifungia..."

Ilikuwa inatoka kifuani mwa shemeji.

Naye hata hakushtuka, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Mtu huyu alibeba jeneza! Alilia msibani kuliko wafiwa wote, kisha akala sahani mbili na kuomba ya tatu.

"Umemfanya msukule kaka yako wa damu?" Akamsogezea ncha ya antena kifuani. "Tulizika nini siku ile?"

"Mlizika mlichoonyeshwa."

"Mtoe."

"Shemeji, punguza sauti, majirani watasikia."

"Nasema mtoe! Sasa hivi!"

Shemeji akamtazama kwa upole, kama muuza duka anayejua mteja ameshapenda bidhaa.

"Nafasi ni moja tu," alinong'ona. "Akitoka yeye, lazima mwingine aingie. Na anaingia kwa kutamka kwa kinywa chake mwenyewe, mimi simlazimishi mtu."

Redio ikakwaruza kwa nguvu.

"Usimjibu! Mke wangu, shuka, usimji..."

Lakini wiki sita za hasira hazikungoja ushauri.

"Basi niingize mimi, mshenzi we! Niingize mimi, nikuone!"

Shemeji akatabasamu.

Mikwaruzo ikakatika. Baridi ikamwanzia fundi nyayoni, ikapanda magotini, ikafika kiunoni. Taa za mji zikazimika moja baada ya nyingine, au ni macho yake. Akatafuta antena mkononi. Akatafuta mkono.

Kisha mumewe akaongea, si redioni tena. Hakuwa ametoka; nafasi haikuwa moja. Karibu kabisa, akihema nyuma ya sikio lake, gizani.

"Mke wangu... umefanya nini?"