Uzi wa Manjano Shingoni mwa Subhadra

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na ndani yake hamkuwa na dhahabu hata ya kuzibia jino.

Inspekta Vilasini alisimama mbele yake, mikono nyuma, akihesabu visanduku vya mahameli. Kumi na saba. Vyote vitupu, vyote vimefunikwa na kupangwa vizuri. Koplo Dasan alikuwa amepiga magoti akinyunyiza unga wa alama za vidole kwenye mpini.

"Afande, kufuli halina hata mkwaruzo. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya picha ya mungu. Kila mwizi wa mji huu wa Thrissur anapajua."

Mwenye nyumba, Sukumaran, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa akizunguka chumbani kama vile amefumania darasa zima likipiga kelele.

"Mwizi mnaye tayari!" alifoka. "Velayudhan sonara! Jana alishinda barazani kwangu akisafisha dhahabu yote ya binti yangu. Leo asubuhi tumekwenda hekaluni, tukarudi saa nne, kabati tupu. Harusi ni Jumapili, Inspekta! Mpeni mkong'oto kidogo tu, atataja."

"Leo sikubeba mkong'oto," alisema Vilasini. "Nani alibaki nyumbani?"

"Mke wangu. Alikuwa bafuni, hakusikia kitu."

Mke mwenyewe, Subhadra, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kando ya cherehani, akivutavuta sari shingoni. Orodha ya vitu vilivyoibwa alikuwa ameshaiandika kwa mkono wake. Bangili kumi na nne. Mikufu sita. Vidani, vipuli, pete. Na mwisho: mkufu wangu wa ndoa, pavani tatu. Jumla pavani arobaini na tatu, kila moja gramu nane, karibu theluthi ya kilo.

"Huu mkufu wako, mama, nao ulikuwa kabatini?"

"Niliuvua jana ili sonara ausafishe. Ukalala humo na mingine."

Vilasini aliandika. Kisha akainama tena kabatini. Katika nyumba zinazojua kutunza dhahabu, kila mkufu huvingirishwa peke yake katika kitambaa laini na pamba, usije ukafungana na mwenzake au kuchunwa na bangili. Aliangalia kila sanduku. Pamba haikuwepo, wala kitambaa hata kimoja.

Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayekimbia na mali huku akikumbuka pamba?

* * *

Kituoni, Velayudhan alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mikono juu ya magoti. Mikono ile ilikuwa imefua dhahabu kwa miaka hamsini na tano. Sukumaran alikuwa amempigia simu bwana mkubwa fulani, na mzee akazolewa akiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

"Mzee, umekula?"

"Nitakula nikiwa nyumbani kwangu."

"Ulimaliza kazi saa ngapi jana?"

"Saa kumi na moja. Niliosha kwa maji ya matunda ya mti wa sabuni, nikapiga brashi laini, nikakaza vifungo. Mama akapokea kimoja kimoja."

"Alivipima?"

Mzee alicheka kwa dharau. "Kupima? Yule? Hapimi uzito yule. Tangu mwaka jana anachagua dhahabu na binti yake, duka kwa duka, na mara nne walikuja kwangu. Bangili anaipitisha kidole gumba kwa ndani, asikie kama kiungo kinakwaruza. Mkufu anaumwaga kiganjani, uteleze kama maji, ukishikana anakurudishia. Aliyekuja kuuliza uzito ni mama mkwe mtarajiwa, Ponnamma. Aliingia dukani kwangu na mizani yake mwenyewe! Nikamwambia, shangazi, bibi harusi mnamwoa au mnamnunua?"

Dasan alicheka, akaona uso wa bosi wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Na mkufu wa ndoa wa Subhadra? Uliusafisha?"

"Haukuvuliwa. Kifungo chake kimelika, nikamwambia avue nikibane. Akakataa, hakuwa na uzi uliolowekwa kwenye manjano wa kuhamishia tali, na hawezi kukaa shingo tupu. Tukapatana Alhamisi."

Kalamu ya Vilasini ilisimama.

"Una uhakika?"

"Binti, mimi ni sonara. Mkufu ulikuwa shingoni, na tali juu yake, nilipoaga." Sauti yake ikaanza kukwaruza. "Nisikilize. Wakinipiga, sawa, mifupa hii ni ya zamani. Lakini nikitoka hapa na jina la mwizi, hakuna nyumba itakayonifungulia sanduku tena. Na sijaiba. Mwambie yule mwalimu, hata aniweke humu mpaka nioze, sijaiba."

Vilasini alisimama. Tali, kile kipande kidogo cha dhahabu anachofungiwa mke siku ya ndoa, alikuwa amekiona asubuhi ile kwa macho yake. Kilikuwa shingoni mwa Subhadra, kimefichwa nusu na sari, kikining'inia kwenye uzi mpya ulioacha doa la manjano kwenye blauzi.

Kama mwizi alichukua mkufu, tali angeiacha vipi?

Jibu alilijua. Mwanamke wa huku anaweza kumchukia mumewe kufa na kupona, lakini akivua mkufu, kwanza atahamishia tali kwenye uzi. Hata akiwa anaiba. Vilasini mwenyewe aliivua ya kwake miaka sita iliyopita, mbele ya hakimu, na hakuna aliyekufa. Ila siku ile kifungo kilimshinda mara mbili.

"Dasan, lete gari. Na mzee apande mbele."

* * *

Sebuleni walimkuta Ponnamma, mama wa bwana harusi, ameketi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote, chai haijaguswa. Revati, bibi harusi, alisimama karibu na mlango akitafuna ncha ya ushungi.

"Sisi hatuna neno," Ponnamma alikuwa akisema. "Ila tulikubaliana dhahabu iletwe kwangu Jumamosi, niitunze. Haipo? Basi Jumapili nayo haipo."

"Tutaipata!" alisema Sukumaran. Kisha akamwona Velayudhan. "Huyu anafanya nini nyumbani kwangu?"

"Amekuja kukaza kifungo," alisema Vilasini. "Mama Subhadra, mkufu wako uliuvua lini?"

"Nilishasema. Jana."

"Mzee anasema jana ulikuwa shingoni."

"Mzee amesahau."

"Uzi huo uliuloweka lini?"

Mkono wa Subhadra ulipanda shingoni wenyewe.

"Umekutia rangi mpaka kwenye blauzi, mama. Ni wa leo. Uliuloweka leo, ukahamisha tali, ndipo 'mwizi' akaja. Alijuaje kwamba anatakiwa akuachie tali?"

"Inspekta, angalia unachosema!" Sukumaran alipiga hatua mbele.

"Kaa chini, mwalimu." Hakupandisha sauti. "Mama, huyu mzee amezolewa na polisi mbele ya majirani zake. Mumeo anataka apigwe. Wewe ndiye uliyetaka hivyo?"

Hapo ndipo uso wa Subhadra ulipobadilika. Alimtazama sonara, akaona shati lililochafuliwa na benchi la mahabusu.

"Nilisema mwizi," alinong'ona. "Sikutaja mtu. Yeye ndiye aliyetaja." Kisha akasimama, na kunong'ona kukaisha. "Nisamehe, kaka Velayudhan. Ni mimi. Nimeichukua mimi."

"Wewe!" Sukumaran alitoa macho. "Una wazimu?"

"Nilikuwa nao miaka ishirini na saba iliyopita! Niliingia kwenu na bangili kumi na mbili. Usiku ule ule mama yako akaniambia, mwanangu, vua nikutunzie. Nikavua. Mwaka uliofuata zikamwozesha dada yako. Kila sikukuu ya Onam anakuja kula hapa, na bangili yangu yenye maua ya mkadi iko mkononi mwake, inanipungia! Nami namwongeza wali. Umewahi kusema neno, Suku? Neno moja?"

Sukumaran alishika mgongo wa kiti, akaketi.

"Na huyu," Subhadra alimgeukia Ponnamma, "naye anataka 'kutunza'. Basi nimetunza mimi. Niandikie kosa, Inspekta. Taarifa ya uongo, wizi, chochote. Sijutii ila hili la mzee. Kwa lingine lote, ningerudia kesho."

Vilasini alikwenda chumbani. Asubuhi alikuwa ameona nyuzi nyeupe za sufi chini ya cherehani, akadhani ni maandalizi ya harusi. Alinyanyua mto mpya kitandani, na ukamlemea mkono. Aliurudisha nao sebuleni, na Dasan akaufumua mshono. Mikufu ilitoka mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya kitambaa chake na pamba yake.

"Kwenye sufi," alisema Velayudhan, akikagua kiungo. "Angalau hukuweka kwenye mpunga. Ungeichuna yote."

"Sasa imepatikana," Ponnamma alijikohoza. "Tusahau haya mambo. Nipeni niende nayo leo hii."

Vilasini aliweka mto mezani. "Kwa sheria, dhahabu ya bibi harusi ni ya bibi harusi. Revati, wewe ndiye mwenye mali. Unamshtaki mama yako?"

Msichana aliachia ushungi. Alichukua bangili moja, akaipitisha kidole gumba kwa ndani, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Sijaibiwa kitu," alisema. "Na hakuna anayekwenda nayo. Itakaa benki kwa jina langu. Mwanao akinitaka hivyo, shangazi, Jumapili nitakuwepo. Asipotaka, wali tutakula wenyewe."

Ponnamma alitoka bila kuvaa viatu vizuri.

Vilasini alimwandikia Subhadra kosa la taarifa ya uongo, kwa kuwa kosa ni kosa, naye akatia sahihi papo hapo. Kisha Inspekta akamlazimisha mwalimu amwombe radhi sonara barazani, kwa sauti, majirani wakisikia. Sukumaran aliomba. Mara ya kwanza haikusikika vizuri, akaambiwa arudie.

Velayudhan alitoa koleo lake dogo, akabana kifungo kilicholika, akamnyooshea Subhadra mkufu wa pavani tatu.

"Vaa, basi," Sukumaran alisema, akitazama chini. "Watu wanaona. Mke wangu na uzi shingoni kama maskini."

Subhadra aliupokea mkufu. Aliumwaga kiganjani, ukateleza vizuri. Kisha akauvalisha shingoni mwa binti yake na kufunga kifungo.

"Mimi nitabaki na uzi," alisema. "Huu hakuna atakayeniomba anitunzie."